MJADALA: Free Fire ipigwe marufuku shehiani, au tunapigana na kivuli?

Mleta mada (Wete):
Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi barazani baada ya Isha, wazee wetu walitoa rai kuwa sheha apite nyumba kwa nyumba, na kijana atakayekutwa na gemu la kuuana simuni anyang'anywe. Wanasema watoto wameiga ya Wazungu na nyoyo zimekuwa ngumu. Mimi napinga, na nataka tujadiliane kwa hoja.

Pale maskani kwetu karibu wote wanacheza Free Fire. PUBG Mobile, gemu jengine la aina hiyo hiyo, wanayo wawili tu, waliotumiwa simu na jamaa zao wa Muscat. Free Fire ilitoka 2017. Iliundwa Vietnam, ikasambazwa na Garena ya Singapore, na tangu mwanzo ilikubali simu za bei ndogo. Wanashushwa watu 50 kisiwani wauane, na kwa dakika kama 10 amebaki mmoja. PUBG Mobile, ya 2018, inashusha watu 100 na huchukua karibu nusu saa. Simu zetu hizi huwa moto kama pasi kabla mchezo haujafika nusu. Ndiyo maana Free Fire ilishika sana Brazil, Indonesia na India, ambako kwa watu wengi simu ndiyo kompyuta yao. Hao si Wazungu. Ni watu wenye hali kama zetu.

Jana nilisimama nyuma ya vijana wetu. Vichwa vinne, simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, bando la kuchangiana. Sharti lao ni moja: ukifa, toa. Simu ikazunguka mkono kwa mkono mpaka ilipoadhiniwa, wakainuka wote wakaenda kutia udhu. Gemu la nusu saa lisingezunguka hivyo.

Na marufuku inazaa nini? Serikali ya India iliifunga PUBG Mobile Septemba 2020, wachezaji wengi wakahamia Free Fire. Februari 2022 ikaifunga na Free Fire, wakahamia Free Fire MAX, ambayo ni gemu lile lile kwa sura nzuri zaidi. Nchi yenye nguvu zote zile, seuze sheha wetu na daftari lake?

Mchangiaji (Mkoani):
Kaka yangu, ya simu umeyaeleza vizuri, lakini kidonda hukukigusa. Mwanangu wa darasa la sita aliijua namba yangu ya siri, akanunua almasi za gemu, yaani sarafu za mle ndani zinazonunuliwa kwa pesa za kweli. Siku mbili, shilingi 25,000 zimekwenda, na zilikuwa pesa za kuchuma karafuu. Namuuliza, ananambia, "Mama, wenzangu wote wana nguo mpya mle ndani." Usiku halali, skuli anasinzia. Sasa mimi nisimame na nani kama si sheha?

Mleta mada:
Dada yangu, pole sana. Hapo sikubishii, na nakiri niliandika kama mtu asiye na mtoto wa umri huo. Lakini angalia kilichokuumiza: ni almasi na usiku. Angenyang'anywa gemu hili, kesho lipo jengine lenye almasi zake, na namba yako ya siri bado anayo. Ibadilishe leo, na simu ilale chumbani kwako. Sheha hawezi kukulindia mto wako.

Kwa hiyo rai yangu naibadilisha kidogo. Baraza lisipige marufuku gemu. Lipatane na wenye maduka wasimuuzie mtoto almasi bila ya mzazi wake kuwapo, na wazazi tukubaliane saa moja kwa shehia nzima ya kukusanya simu za wanafunzi, maana ukimzuia wako peke yake atakwenda kwa jirani. Mimi nasema saa tatu usiku.

Walio Micheweni na Unguja mjini, huko kwenu watoto wanacheza lipi, na kwa simu ya nani?