Mjadala: Kijana wa kitengo akifikisha miaka 18, shanga zitamtosha?

Mwalimu wa Kitengo
Tujadili bila kuoneana haya. Nafundisha kitengo cha ulemavu wa akili na usonji kwenye shule ya msingi hapa Dar. Wanafunzi wangu wakubwa wameota ndevu na bado wanavaa kaptula ya shule. Wakitoka hapa, wengi wanarudi kukaa nyumbani. Tunachokiita maandalizi ya maisha ni kutunga shanga, kufuma mazulia na sabuni ya maji. Wageni wakija tunapanga bidhaa mezani, wananunua kwa huruma, picha zinapigwa. Kijana huyohuyo mtume dukani na elfu mbili: sukari ataleta, chenji hana habari nayo.

Msimamo wangu: shanga zipungue. Kuanzia miaka 14 hivi, nusu ya wiki iwe nje ya darasa. Kupanda daladala, kulipa nauli, kuhesabu chenji, kuficha namba ya siri ya simu, kukataa kushikwashikwa. Nina mmoja alikuwa anashuka popote konda anapotaja kituo, akidhani anaambiwa yeye. Tukawa tunapanda naye njia ileile kila asubuhi mpaka akashika alama zake: ghorofa la bluu, msikiti, halafu "shusha!" Siku hizi anakwenda peke yake. Kazi hiyo haimo kwenye andalio langu lolote la somo, na mkaguzi akija ataniuliza watoto wako wapi.

Mama wa Tandika
Mwalimu, Mungu akubariki, ila wewe jioni unafunga ofisi unakwenda kwako. Binti yangu ana miaka 19, anacheka na kila mtu, akiambiwa "twende" anakwenda. Hiyo daladala apande na nani? Shanga anatungia barazani, namwona. Mkisema namfungia, semeni.

Fundi Gereji
Mimi ninaye mmoja, mwaka wa tatu huu. Kusoma hajui. Spana nimezipaka rangi, nikisema nyekundu analeta nyekundu. Kwa kufungua tairi ananizidi. Shida ni wateja, kuna wanaomwambia acheze ili wacheke. Wa namna hiyo nawaambia wapeleke gari kwingine. Posho yake nampa mkononi mwake, simpi kaka yake, na ugomvi na familia ulianzia hapo hapo.

Mwanasheria wa Mtaani
Wakuu, mnaongea kama nchi haina sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe na ulemavu. Jirani zetu Kenya wameliweka jambo hili kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 54: angalau asilimia 5 kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, hatua kwa hatua. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Dai haki, Mwalimu, acha kupanda daladala.

Mwalimu wa Kitengo
Sheria naijua, ndugu yangu. Mwajiri akitaka kuitimiza atachukua mwenye cheti anayetumia kiti mwendo, na hakuna atakayemlaumu. Wangu hana hata cheti cha darasa la saba. Mkopo nao una masharti yake: akaunti, andiko la mradi, na ukiwa wa kikundi, katiba. Andiko aandike nani?

Fundi, hilo la rangi naliiba.

Mama, hofu yako sibishani nayo. Lakini mtoto huumizwa na wa ndani pia, na asiyejua kutaja viungo vyake hawezi kukueleza kilichompata. Tuanze na hilo kabla ya daladala. Siku ya kwanza ya kupanda njoo, ukae siti ya nyuma yake.

Mama wa Tandika
Nitakaa. Ila isiwe ile saa ya asubuhi ya kugombania, na konda akimshika kiuno kumpandisha, tunashuka wote.