Lebo za bloku za kodi kwenye doksi: bash, sh, shell au console? Tunabishana wiki ya pili sasa

kijana_wa_doksi
Wakuu habari za jioni. Nimeachiwa kazi ya kusafisha doksi za API yetu, Markdown tupu (maandishi ya kawaida yenye alama za kupanga ukurasa), mafaili kama 140 hivi, zimeandikwa na watu tofauti tangu 2019 na kila mtu kaja na mkono wake. Ukifungua ukurasa mmoja unakuta amri ya kuinstoli imewekwa "bash" pale kwenye baktiki tatu (zile ``` zinazofungua bloku ya kodi, neno linalofuata ndio lebo ya lugha, na rangi za kodi zinaifuata hiyo), ukishuka kidogo amri ileile ni "sh", ukurasa wa pili ni "shell", kuna aliyeweka "console", kuna aliyeandika "terminal" sijui aliitoa wapi, na nyingine hazina kitu kabisa. Yaml nayo mara yml mara yaml, python mara py. Kwenye timu mmoja anasema tuache tu rangi si zinatokea, mwingine anataka "shell" kila mahali basi yaishe. Je kuna standadi rasmi niwaoneshe tumalize hii kesi? Saiti iko Docusaurus (kifaa cha kujengea saiti za doksi), README ziko GitHub.

mzee_wa_baktiki
Standadi ya majina haipo mkuu, usijisumbue kuitafuta. Markdown ya Gruber ya 2004 hata baktiki tatu haikuwa nazo, kodi ilikuwa unaisogeza ndani nafasi 4 basi, kwa hiyo lebo hata pa kuiweka hapakuwepo. CommonMark, maelezo rasmi ya Markdown, ilipokuja 2014 ikasema neno la kwanza baada ya baktiki kwa kawaida ndio lugha, na kwenye HTML linatoka kama class="language-bash". Ikaishia hapo. Majina yenyewe haikugusa.

Matokeo yake kila kipaka rangi (programu inayoipa kodi rangi) kina orodha yake. GitHub ina Linguist, Docusaurus yako inatumia Prism, wenzetu wa Sphinx wako na Pygments, Hugo ana Chroma. Na huyo jamaa wa "shell" mwambie atulie kwanza, maana hilo ndilo neno baya kuliko yote: kwenye Prism "shell" ni jina lingine la bash, ukienda highlight.js "shell" ni kikao cha teminali, yaani inategemea uone $ mwanzoni mwa mstari ndio ipake rangi. Neno moja, maana mbili, siku mkihama kipaka rangi ndio mtajua hamjui.

mama_maelekezo
Naongeza hapo. Mimi naandika doksi si developa, na kwangu lebo inaanzia kwenye swali moja tu, msomaji anakopi au anaangalia? Kuna mwaka tulimpa mteja mwongozo, bloku zote ni bash lakini ndani kila mstari una $ mbele, kijana wao akakopi yote akapesti, teminali ikamjibu "bash: $: command not found" mara kumi na moja, akatutumia picha ya skrini na neno moja tu, "Jamani". Ile picha ninayo mpaka leo.

Toka hapo kwetu bash ni ya kukopi, hairuhusiwi $ wala majibu ndani. Ukitaka kuonesha amri pamoja na majibu yake hicho ni kikao, kinapata lebo yake.

kijana_wa_doksi
Dada umenigusa, sisi tumechanganya hivyohivyo. Sasa hicho kikao nikiite console?

mzee_wa_baktiki
console itafanya kazi GitHub lakini Prism haiijui, kwenye saiti yako itabaki nyeupe. Andika "shellsession" yote pamoja, hiyo GitHub inaijua, Prism inaijua, hata highlight.js. Ila Docusaurus 3 haiji na lugha zote, hata bash yenyewe, ingia kwenye konfigi sehemu ya prism uongeze 'bash' na 'shell-session' kwenye additionalLanguages, usipofanya hivyo utaweka lebo sahihi na rangi hutaiona halafu uanze kunilaumu mimi.

linta_wa_mtaa
Mkishakubaliana msiandike kwenye wiki, hakuna atakayesoma. Weka markdownlint (kikaguzi cha Markdown) kwenye CI, ule ukaguzi unaojiendesha kila mabadiliko yakitumwa. Kanuni yake ya MD040 inakataa bloku isiyo na lebo, na ina allowed_languages, unaorodhesha mnazozitaka na nyingine zote zinagoma. Kama mnatumia title="..." kule kwenye bloku usiwashe language_only, itapiga kelele kila mahali. MD014 nayo inakamata zile $ za huyo dada, zikiwepo bila majibu chini yake. Logi na vitu visivyo na lugha vipe "text", msiache wazi.

Kabla hujabadilisha hesabu kwanza:

grep -rhoE '^ *```[a-zA-Z]+' docs | sort | uniq -c | sort -rn

Na ukija kwenye sed (amri ya kutafuta na kubadilisha maneno) kuwa na adabu. Mimi niliwahi kupiga s/```sh/```bash/ kwenye ripo nzima nikaenda kula, kurudi nakuta bloku mia na kitu zinaitwa "bashell".

mzee_wa_baktiki
😂😂 bashell. Hiyo grep yako nayo ina tatizo lilelile, itakata shell-session ihesabu kama shell. Weka [^ ]+ badala ya [a-zA-Z]+.

kijana_wa_doksi
Nimeipiga hiyo ya [^ ]+. bash 212, sh 97, shell 61, console 18, terminal 9, halafu kuna "jsom" 4 (json iliyokosewa), na git inasema jsom ni za kwangu mwenyewe, 2021. Nyamazeni.

Nimefungua PR (ombi la kuingiza mabadiliko) moja ya lebo tu, sijagusa neno lingine lolote humo. Zile 61 za shell nazipitia kwa macho moja moja maana karibu nusu zina majibu ndani, hizo sed haiwezi kujua. Jamaa wa shell ndio nimempa ariviu, yupo kwenye faili la 30 na hajasema kitu bado.

mama_maelekezo
Zile zenye $ na hazina majibu uzifute $ kwenye PR hiyohiyo, ukisema utarudi hutarudi.