Wakuu msaada: ni "was awaken", "was awoken" au "was waked up"?

Shifti_ya_Usiku: Habari za muda huu wanajamvi. Nipo mapokezi hotelini, shifti ya usiku, na kila mgeni aliyeomba kuamshwa lazima tuandike kwenye daftari kaamshwa saa ngapi na nani. Sasa mwenzangu ye kila siku anaandika "Room 12 was awaken at 4:30", supavaiza anakata kwa peni nyekundu anaweka "was awoken", meneja akipita asubuhi anasema wote hamjui, ni "was waked up". Ipi ni ipi jamani, na msinitajie tu, nielewesheni na sababu. Natanguliza shukrani.

Ticha Mkongwe: Mkuu, aliyechemka wazi hapo ni mwenzako. "Awaken" ni kitenzi ambacho bado hakijageuzwa, kikienda wakati uliopita kinakuwa "awakened". Watu wanaiona ile -en ya mwisho wanadhani ni kama "broken" au "taken". Supavaiza yuko sawa kisarufi, awake, awoke, awoken, ila hiyo ni lugha ya riwaya, mapokezi haikai. Andikeni "was woken up at 4:30" mlale salama. Wake, woke, woken.

Mzee wa Pwani: Na meneja hiyo "waked" kaokota wapi 😂

Ticha Mkongwe: Hajaitunga. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, "wacan" cha kuamka na "wacian" cha kuwa macho au kukesha, kwenye wakati uliopita kimoja kinabadili irabu (ndo "woke" ya leo) kingine kinabandikwa mkia (ndo -ed ya "waked"), baadaye vikachanganyikana na vurugu yote hii ndo ilipoanzia. Fungua Biblia ya King James ya 1611, Zaburi 3:5, utakuta "I awaked". Kwa leo asiandike hivyo.

Binti Unguja: Mbona hamjagusa linalomhusu zaidi kwenye kazi yake? "Awake" mara nyingi inataja hali tu, mtu yu macho. Ukipiga simu chumbani ukakuta mgeni alishaamka kitambo, andika "was already awake", usijipe sifa ya kumwamsha. Halafu "wake up" ni kutoka usingizini, kutoka kitandani ni "get up", na hapo ndo kesi zinapozaliwa. Kuna mgeni alipokea simu vizuri kabisa, "thank you, I'm awake", akageukia ukutani akalala tena, boti ya asubuhi ikamwacha, akashuka kaja juu eti hakuna aliyemwamsha! Kilichotuokoa ni daftari, "woken up at 5:00, answered the phone".

Dogo wa Chuo: kwa hiyo nikisema "I am woke" ndo nimeamka?

Ticha Mkongwe: Hapo umeingia kwenye siasa za Marekani dogo. Hiyo ilianza kwa Wamarekani weusi, mtu aliye macho dhidi ya ubaguzi, na kamusi ya Oxford iliipokea kwa maana hiyo 2017. Wewe sema "I'm awake".

Shifti_ya_Usiku: Nimewapata wakuu, asanteni sana. La mwisho, "wake up him" au "wake him up"?

Binti Unguja: "Wake him up". "Him", "her", "them" zinakaa katikati, hapo hakuna mjadala. Ukitaja mgeni mwenyewe ndo una uhuru, "wake up the guest" na "wake the guest up" zote zinapita. Na huduma yenyewe mkiiandika kwenye fomu ni "wake-up call", kile kistari msikidondoshe.