Mrejesho: jicho la mama baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Habari zenu wakubwa. Niliuliza kama mama yangu, mgonjwa wa kisukari hapa Moshi, akitolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) inaweza kudhurika. Jibu nimeliona nyumbani.

Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya pili anasoma meseji za M-Pesa mwenyewe, anatucheka. Wiki ya tano akaniita sebuleni: "Baba, mbona fremu ya mlango imepinda?" Kumfunika lile jicho jingine, mistari ya daftari lake la vikoba nayo anaiona mawimbi.

Tukarudi kliniki, wakapiga picha ya retina. Imevimba pale katikati. Daktari alieleza hivi: jicho likiguswa kwenye upasuaji linatoa kemikali za uvimbe, zile zinafika nyuma na kulegeza kuta za vimishipa, maji yanavuja. Kwa mwenye kisukari vimishipa tayari ni dhaifu, ndiyo maana hatari kwake ni kubwa zaidi. Na huwa inajitokeza wiki kadhaa baadaye, sio siku ileile. Hili hakuna aliyetuambia mwanzo, na liliniudhi.

Akapewa matone ya aina mbili ya kupunguza uvimbe. Sasa ni mwezi wa pili tangu aanze matone. Fremu imenyooka, herufi ndogo bado zinamsumbua. Jicho la pili tumeliahirisha mpaka sukari itulie. Juzi asubuhi ilisoma 11, bado iko juu, na chapati niliziona mezani.