Vumbi la kiangazi na treni za modeli (na vifaa vingine vya hobi): tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mbeya, nyumba yangu inapakana na barabara ya vumbi. Nina treni za modeli juu ya ubao wa futi nane kwa nne. Reli zake ni za milimita 16.5, na mabehewa nachonga mwenyewe kwa kipimo cha 1 kwa 64, kwa sababu reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na ukigawa kwa 64 unakaribia sana hiyo 16.5. Nimekua nikiitazama treni ile ikipita, kwa hiyo kazi hii iko moyoni.

Shida inaanza Julai mpaka mvua za Novemba. Upepo unavuma, watu wanachoma mashamba, vumbi na majivu vyote vinaingia ndani. Kichwa cha treni hupata umeme kwenye reli kupitia magurudumu, volti 12 tu. Uchafu kidogo ukikaa katikati, kinashtuka, kinasimama. Cheche zinazoruka hapo zinaacha weusi, na weusi unanasa vumbi jingine.

Mwaka jana nilisugua reli kwa msasa. Ziling'aa, treni ikatembea vizuri wiki moja, halafu hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Msasa umeacha mikwaruzo, na uchafu sasa unajificha humo. Reli hizo hazirudi tena. Kosa la pili ni mafuta ya cherehani: niliyamimina kwenye gia, yakateremka hadi kwenye magurudumu, yakakutana na vumbi, ukawa uji mweusi. Siku hizi natia tone moja kwa ncha ya sindano, basi.

Leteni ya kwenu. Si lazima treni.

Mdau wa Makambako
Mkuu, huku kwetu upepo unaujua. Mimi natengeneza ndege za modeli, na kwa miaka miwili nilikuwa napambana na dirisha: nikaziba, nikaweka pazia zito, vumbi lipo vilevile. Siku moja nikatandika gazeti jeupe juu ya meza usiku, milango yote imefungwa. Asubuhi lina vumbi. Lilikuwa linatoka juu! Chumba hakikuwa na silingi bodi, bati likitikiswa na upepo linamwaga masizi na vumbi la miaka yote. Nilipopiga silingi, kazi ya kufuta ilipungua kabisa. Sakafu nayo iangalie. Saruji tupu inachubuka kila ukifagia, kwa hiyo nikaipaka rangi ya sakafu, na fagio kavu haliingii tena humo, ni tambara bichi tu.

Mdau wa Iringa mjini
Mimi ni wa santuri, nimeachiwa na marehemu baba. Kiangazi hewa ni kavu, na ukifuta santuri kwa kitambaa cha nailoni unaitia umeme tuli, inavuta vumbi kama sumaku. Natumia brashi laini ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na kifuniko cha mashine hakibaki wazi hata nikienda kuchukua chai.

Mdau wa Tukuyu
Naomba niwatahadharishe wenzangu. Nilisoma mahali kwamba ukifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni vumbi halitaingia. Kweli halikuingia. Ila huku mvua hazitupi nafasi, unyevu ukabaki ndani na lenzi ikaota kuvu, nyuzinyuzi kama za utando wa buibui. Niliumia sana, lenzi ile niliinunua kwa kudunduliza. Sasa naweka kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha mpira, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuna anayeshauri mchele. Msitumie, mchele una vumbi lake.

Na msipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Mimi napulizia kwa ule mpira wa kuvutia kamasi za watoto, mpya, wa duka la dawa.

Mdau wa Mafinga
Kinanda changu nakifunika kwa kitenge cha pamba. Kila wiki kitenge hicho nakikung'utia nje, si ndani.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Gazeti nimelitandika jana, na asubuhi nimelikuta lina masizi, kwa hiyo silingi bodi ndiyo kazi ya mwezi huu. Ubao nimeufunika kwa shuka la pamba juu ya fito, lisiguse miti na vijumba vya modeli.

Kwa wa treni: reli nafuta kwa kitambaa cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, magurudumu nayazungusha juu ya kitambaa hichohicho. Spiriti yoyote nyingine mkipewa dukani, dondosheni tone kwenye kioo kwanza likauke. Likiacha alama ya mafuta, isifike kwenye reli. Na kabla ya kufuta behewa lenye rangi, jaribuni kwanza chini yake, pasipoonekana.

Swali moja limebaki kwa mdau wa Makambako: silingi ulipiga kwa jipsamu au mbao? Nahofia jipsamu wakati wa kuipiga msasa, ule unga wake ni mwingi, na ubao wangu hautoki mlangoni.