Mwenye timu anabadilisha jina, rangi na nembo kwa mkupuo: ungebaki au ungesepa?

Mnazi Sugu

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana juzi nimegombana na kaka yangu wa damu kisa mpira na mpaka leo salamu zetu ni za kuvuta. Timu siitaji, nikiitaja tu mtaanza utani na mada itafia hapo.

Iko hivi, tajiri mpya kaingia, madeni kalipa, wachezaji kasajili, tukawa tunamuimba kila mechi. Sasa katangaza msimu ujao nembo mpya, rangi mpya, na kwenye jina anachomeka neno ambalo anadai litauza jezi nje. Mi nikasema basi, uwanjani sikanyagi tena. Kaka anasema nna ushamba, timu ni wachezaji na matokeo, nembo ni kitambaa tu kimeshonewa kifuani, halafu bila huyu bwana saizi tungekuwa tumeshafungiwa milango. Kinachoniuma ni kwamba hilo la milango ni kweli.

Swali: mnaokumbuka timu zilizofanyiwa hivi huko duniani, mashabiki walifanyaje na iliishia wapi? Matusi sitaki, nataka mifano.

---

Beki Mstaafu

Cardiff City ndo kesi yako kabisa mkuu. Ni timu ya Wales ila inacheza ligi za Waingereza, jina la utani Bluebirds, yani ndege wa bluu, na bluu wameivaa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. 2012 mwenye timu, Vincent Tan, tajiri wa Malaysia, akataka jezi ya nyumbani iwe nyekundu na kwenye nembo akae joka, yule ndege akasukumwa chini akawa kadogo kama nzi. Hoja yake ilikuwa nyekundu ni rangi ya bahati na itauzika Asia. Habari ilivuja mwezi wa tano, watu wakawaka, ikasemekana mpango umeachwa, mwezi wa sita ukarudi vilevile na ahadi ya hela juu yake.

Sasa watu wanadhani mashabiki wote walisusa, sio kweli, wengi walimeza. Mtu unaambiwa chagua rangi au chagua hela za usajili, na timu yenyewe kila msimu inaishia mlangoni mwa ligi kuu, utafanyaje. Na msimu huohuo wa 2012/13 wakachukua ubingwa wa Championship, yani daraja la pili, wakapanda ligi kuu wakiwa wekundu. Hebu jiweke wewe hapo, umesubiri hii siku maisha yako yote halafu inakuja imevaa nguo ya mtu mwingine. Unalia unacheka hujui ufanye lipi. Walikuwepo waliokuwa wanaingia uwanjani na jezi zao za bluu za zamani na kuimba bluu dakika tisini huku timu iliyo mbele yao nyekundu.

2014 wakashuka, kelele zikarudi kwa nguvu na viti vikaanza kuwa wazi, Januari 2015 Tan akairudisha bluu. Alisema mama yake mzazi alikaa naye akamsisitizia umoja na furaha. Kwahiyo mkuu usihangaike na mabango, mtafuteni mama wa tajiri yenu.

---

Kona Fupi

😂😂 hiyo ya mama nimeipenda

---

Mhasibu

Mi ntakuwa mchawi wa hii mada lakini ngoja niseme. Mnaongea kana kwamba timu inaendeshwa kwa nyimbo. Chukua Hull City ya Uingereza, yule mzee Assem Allam aliichukua Desemba 2010 ikiwa hoi kwa madeni, akatia hela zake mfukoni, 2013 ikapanda ligi kuu. Halafu alipoomba jina liwe Hull Tigers, ambalo wala sio la kuokota maana Tigers, yani chui milia, ndo jina lao la utani miaka yote na jezi yao ina milia ya chui, wakamgeuka kama hawamjui. Hoja yake ilikuwa timu zinazoitwa City zimejaa, mtu wa mbali hajui hii ni ipi. Mnaona alikosea wapi? Juventus nao 2017 walitoa nembo mpya, ile J yao, watu wakacheka wiki mbili tatu, leo watoto wanaivaa na hawajui kama kuna nyingine ilikuwepo. Mashabiki tunazoea. Tunakasirika kwa hasira kubwa halafu jezi ikitoka tunapanga foleni, huo ndo ukweli na wenye timu wanaujua.

---

Bi Refa

Mhasibu kaka yangu umeisimulia Hull nusu. Tatizo halikuwa jina peke yake, tatizo lilikuwa mdomo. Mashabiki walijiita City Till We Die, yani City mpaka kufa, yule mzee akajibu kwamba wanaweza kufa muda wowote wanaotaka. We mteja wako unamwambia hivyo? Mtu ambaye babu yake alikuwa anakaa jukwaa lilelile? Kuna watu walikuwa hata hawajaamua upande, lile neno likawaamulia.

Na kule jina haubadilishi tu kwa kuamka asubuhi, lazima chama cha soka kiridhie. Aprili 2014 baraza la FA likapiga kura, asilimia 63.5 wakakataa. Angalia na kilichofuata, mwezi mmoja baadae hiyohiyo Hull City iko fainali ya Kombe la FA na Arsenal, ndani ya dakika nane inaongoza mbili bila! Wakaja kupigwa 3-2 kwenye dakika thelathini za nyongeza, ila siku ile dunia nzima ilijua Hull City ni ipi na hakuna aliyehitaji kubadilishiwa jina ili aijue. Mzee hakukubali kushindwa, mwaka huohuo timu akaitangaza inauzwa, na nembo iliyotoka 2014 haina jina kabisa, chui na mwaka 1904 basi. Ukiitazama ni kama mtu kanuna. Jina limerudi kwenye nembo 2019.

Hela zake simnyimi, aliiokoa timu kweli. Ila kuna tofauti ya mtu aliyekulipia ada ya shule na mtu anayetaka akubadilishe jina la ukoo kisa alilipa ada.

---

Mhasibu

Hahaha hiyo ya ada umenishika dada. Ila la foleni nabaki nalo.

---

Zambarau Daima

Hamjaigusa mama wa zote, Salzburg. Nyie Cardiff waliachiwa hata jina.

Austria Salzburg, timu ya huko nchini Austria ya mwaka 1933, rangi zambarau na nyeupe, bingwa wa nchi mara kadhaa, 1994 walicheza fainali ya Kombe la UEFA na Inter. Aprili 2005 ikanunuliwa na Red Bull, wale wa vinywaji. Jina likafutwa, nembo ikafutwa, zambarau ikawa nyekundu na nyeupe, na wakasema wazi kwamba hii ni klabu mpya, haina historia. Historia ya miaka zaidi ya sabini, mtu anaipiga ufagio kama vumbi la mlangoni. Mashabiki wakaandamana, wakaomba angalau zambarau ibaki mahali fulani mwilini mwa mchezaji, mazungumzo yakaendelea weee, mwisho wakaambiwa soksi za kipa zinaweza kuwa zambarau. SOKSI. ZA KIPA. Hapo ndo watu walipoinuka kwenye kiti.

Wakaanzisha yao ileile, SV Austria Salzburg, 2006 wakaanzia daraja la saba kabisa huko chini, wakapanda mara nne mfululizo. 2015 wakafika daraja la pili, hapo hela zikawaishia wakafilisika wakashuka. Sitaki nikudanganye kwamba ilikuwa ngano tamu, huku wao wanahangaika na viwanja vidogo wale wekundu mpaka 2023 walikuwa wanabeba ubingwa karibu kila mwaka na Ligi ya Mabingwa wakacheza. Kimpira walioondoka walipata hasara. Lakini muulize mmoja wao kama anajuta uone atakavyokuangalia.

Mnazi Sugu nakuuliza tu, wenzako wangapi wako tayari? Maana kuondoka peke yako ni kubaki nyumbani jumamosi unaosha vyombo. Kuondoka mia tano ni timu.

---

Kona Fupi

Mkuu Zambarau kwahiyo ile soksi walikubali au walikataa

---

Zambarau Daima

Walikataa bwana, we ungekubali??

---

Mtoa Takwimu

Naongezea ya ushindi maana naona mnataka kumliza jamaa. Atlético Madrid 2017 walianza kutumia nembo mpya, imenyooshwa, rangi zimepunguzwa, yule dubu na mti wake wakageuzwa upande. Hawakugusa jina wala jezi, kitu kidogo tu mtu angesema. Watu hawakuacha, misimu kwa misimu bendera zenye nembo ya zamani zinapepea uwanjani, mpaka klabu ikakubali wanachama wapige kura. 2023 asilimia 88 na ushee wakasema rudisha ya zamani, Julai 2024 ikarudi. Miaka saba! Kwahiyo Mhasibu, sio wote wanazoea.

Na wapo waliobanwa haraka. Everton 2013 walitoa nembo mpya bila ule msemo wao wa Kilatini, saini zikamiminika, klabu ikaomba radhi, nembo ya msimu uliofuata mashabiki wakachagua wenyewe. Leeds Januari 2018 walitoa ile ya mtu anajipiga kifua, hahaha ile ilionekana kama tangazo la dawa ya kiungulia, haikumaliza hata siku wakaanza kurudi nyuma.

Kingine, Uingereza kwa sasa kuna sheria ya Julai 2025 ya usimamizi wa soka. Nembo na rangi kuu za jezi ya nyumbani haviguswi mpaka mashabiki walio wengi waridhie, na jina mpaka FA ikubali. Tan na Allam wangekuja leo wangekutana na karatasi kwanza. Mnazi Sugu kabla hujasusa kasome katiba ya klabu yenu na kanuni za ligi, uone nani anatakiwa aulizwe. Mara nyingine tajiri mwenyewe hajasoma.

---

Mnazi Sugu

Daah wakuu nimewasoma wote, Bi Refa hiyo ya jina la ukoo nimemtumia kaka kama ilivyo. Kajibu "na we ada ulilipiwa ukala". Ila angalau kajibu.

Nimefanya alichosema Mtoa Takwimu, katiba ipo, kubadili jina kunahitaji mkutano wa wanachama na mkutano wenyewe haujaitishwa. Rangi na nembo haijasema chochote, kimya kabisa. Kwahiyo jina tutalipigania, hayo mengine sijui. Zambarau umeniuliza wenzangu wangapi, nimehesabu tunafika kumi na nne na wawili kati yao wanadaiwa ada ya uanachama.

Kaka kasema kwenye mkutano atakuja, ila atapiga kura upande wa tajiri.

---

Beki Mstaafu

Walipe ada kwanza hao wawili. Na mama wa tajiri yuko wapi?