Uvimbe wa taya usio wa saratani: ikiwa picha ipo, kwa nini akatwe kinyama cha kupimwa?

Swali
Ndugu zangu, dada yangu ana uvimbe mgumu katika taya la chini, hauumi, na umekuwa ukikua polepole. Eksirei imeonyesha doa lenye ukingo ulio wazi na weupe katikati. Daktari wa meno anasema haielekei kuwa saratani, lakini ameagiza CT skani na biopsi, yaani kukata kinyama kidogo cha uvimbe ili kipimwe maabara. Kama si saratani, ya nini kumkata?

Jibu la 1
Pole kwa dada yako. Kujua kwamba si saratani hakutoshi kupanga matibabu. Fibroma inayounda mfupa, yaani uvimbe wa nyuzi unaotengeneza mfupa ndani yake, huwa na mpaka dhahiri na huendelea kukua, kwa hiyo hutolewa yote. Displasia ya nyuzi, yaani hali ambapo nyuzi huchukua nafasi ya mfupa wa kawaida, haina mpaka, huchanganyikana na mfupa wa kawaida na kuonekana kwenye picha kama kioo chenye ukungu, na kwa kuwa mara nyingi hupoa baada ya balehe, daktari wa upasuaji anaweza kusubiri au kupunguza tu mfupa uliozidi. Chini ya darubini magonjwa haya mawili hufanana mno, kiasi kwamba mtaalamu wa patholojia aliyeletewa kinyama bila picha anaweza kushindwa kuyatofautisha. Tafadhali hakikisheni picha zinafika maabara pamoja na kinyama hicho. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Jibu la 2
Naongeza kwamba si kila doa jeupe hukatwa. Displasia ya mfupa na sementi (sementi ni tabaka gumu linalofunika mzizi wa jino) hukaa kwenye ncha za mizizi ya meno yaliyo hai, na mfupa wake, hasa ukishakomaa, una damu kidogo, hivyo kuuchokoa hukaribisha maambukizi. Ulizeni kama meno ya jirani yamepimwa uhai wake kwa baridi.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, kuna vipimo vya damu?

Jibu la 1
Vipo, endapo darubini itaonyesha seli kubwa zenye viini vingi. Hapo hupimwa kalsiamu na homoni ya parathiroidi, kwa maana tezi za parathiroidi, zilizo shingoni, zikizidisha kazi huleta uvimbe wa namna hiyo hiyo. Zikionekana osteoma kadhaa, yaani vivimbe vya mfupa visivyo vya saratani, utumbo mpana nao uchunguzwe, kwani ugonjwa wa Gardner, ambao hurithiwa, huotesha humo vinyama vinavyogeuka saratani. Eksirei ya kwanza msiitupe, maana picha zote zijazo zitalinganishwa nayo.